Chuma Hakiogopi Jiliwa

Fremu mbili zilining'inia kwenye ndoano, moja ya alumini, ya kijivu, nyingine ya kaboni, nyeusi tii, na chini yake walisimama watu wanne wa familia moja. Watatu walikuwa wamekwisha kukubaliana. Wa nne alikuwa fundi wa kuchomelea, mtaani akiitwa Fundi Geti, kwa kuwa upande ule hapakuwa na nyumba ya maana ambayo geti lake halikupita mikononi mwake. Alikuwa amevaa shati la kutokea, lakini mikono haivai shati. Kucha zake zilikuwa nyeusi, na mwenye duka alikuwa amekwisha kuziona.

"Shika mwenyewe, dada," mwenye duka akamwambia binti.

Binti aliitwa Siafu tangu utotoni, kwa udogo wake na kwa kutoachia kitu akishakiuma. Aliiteremsha ile nyeusi kwa vidole viwili, akacheka peke yake. Kisha akaishika ya kijivu kwa mkono mzima na hakucheka.

"Baiskeli yake ni ya milimani, springi ziko mbele tu," mwenye duka aliendelea. Alikuwa akimweleza Shangazi, maana alishajua nani atafungua mkoba. "Nyuma ni kavu. Kila jiwe analolipita linampanda mgongoni. Alumini inalirudisha jiwe kama lilivyo. Kaboni inalimeza."

"Na ikigongwa?" Fundi Geti aliuliza.

"Ikigongwa vipi, mzee?"

"Ikigongwa tu. Alumini ikigongwa inabonyea, unaona. Ikipasuka, unaona. Hii ikiumia inaonyesha wapi?"

Mwenye duka alitabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyeulizwa na mtoto mbingu imeshikiliwa na nini. "Mzee, hii ndiyo wanayotengenezea ndege."

"Mimi siendi nayo angani. Mwanangu anashuka nayo Mteremko wa Mawe."

"Usimchoke," Shangazi alimwambia mwenye duka. "Baba yake ni wa mageti."

Wakacheka. Mwenye duka alicheka, Siafu alicheka akiangalia pembeni, na mkewe Fundi, Mama Siafu, naye alicheka, kidogo, mkono mdomoni. Kicheko cha mkewe ndicho kilichomchoma. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Fundi, muuguzi mkuu aliyestaafu, na miaka ya kuamrisha wagonjwa wageuke upande ilikuwa imemwachia sauti isiyongoja jibu. Yeye ndiye aliyetaka kumnunulia mtoto fremu. Jumapili ya mwisho wa mwezi kungekuwa na mashindano ya kushuka mteremko ule, na kampuni moja ingechagua wanne wa kwanza kuwa timu yake, kwa mshahara. Siafu alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli kila alfajiri. Mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika, na fremu yake kuukuu, ya alumini pia, ilikuwa kubwa kwake, nzito, na imebonyea ubavuni.

"Sawa, chukueni," Fundi Geti alisema. "Siku mtakapoiona imepasuka, ndipo mtajua kama ni ndege."

Mdomo uliponza kichwa, lakini wakati ule hakujua kwamba ni chake.

Mwenye duka akataka waiache, amhamishie binti magurudumu, pedeli na usukani kutoka baiskeli ya zamani. Shangazi alikuwa tayari kulipia na hilo. Fundi Geti alishaichukua fremu na kuitia kwapani.

"Baiskeli ya mwanangu naifunga mwenyewe," alisema.

Hakuna aliyebisha. Walikuwa wamemshinda kwenye kubwa, wakaona wamwachie dogo.


Siku ile nzima fremu ililazwa kwenye kochi, juu ya shuka safi, na wageni wakakalishwa kwenye vigoda. Mama Siafu alimfukuza paka mara kadhaa. Jirani aliyekuja kuomba barafu, akasahau kwamba nyumba hii haina friji, aliiangalia akauliza ni kitu gani. Alipoambiwa, akaomba aiinue. Akaiinua. "Haa!" alisema, na hakuomba barafu tena.

Kesho yake, wengine wakiwa kazini, Fundi Geti aliipeleka kwenye banda lake la kazi kando ya nyumba. Alikuwa na kinyongo nayo, lakini kinyongo hakimzuii fundi kufanya kazi safi. Aliosha vipuri vya zamani kwa mafuta ya taa, akavipanga juu ya gazeti. Ekseli ya pedeli ilikataa kuingia. Aliishika fremu kwa mapaja, ikateleza. Aliiegemeza ukutani, ikaruka. Basi akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote kitu kikikataa kutulia. Aliiweka kwenye jiliwa, lile taya zito la chuma lililofungwa juu ya meza yake.

Alitanguliza kitambaa ili asiikwaruze rangi. Hilo alikumbuka. Aliibana kwenye bomba la juu, akakaza mpini, akajaribu, ikacheza kidogo. Mafundi wote waliopitia mkononi mwake aliwafundisha jambo moja: chuma hakiogopi jiliwa, kaza mpaka useme basi, halafu ongeza robo. Aliongeza robo.

Tik.

Ilikuwa sauti ndogo, ya ganda la karanga. Alisimama na mpini mkononi. Kisha alifungua taratibu, akaondoa kitambaa, akaipeleka fremu mlangoni kwenye mwanga. Hapakuwa na kitu. Rangi ilikuwa nzima, inang'aa, uso wake mwenyewe ukionekana ndani yake umerefuka. Alipitisha kidole, alipitisha ukucha, alilamba kidole akapitisha tena. Akagonga kwa funguo upande huu, ikalia. Akagonga pale alipoibana, ikajibu kama mtu aliyefunikwa mto.

Alikaa kwenye kreti lake la soda, kwa muda mrefu, mikono magotini. Kisha akasimama akaifunga baiskeli yote, kila skrubu mahali pake, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.


Siafu alirudi akaikuta imesimama uani. Aliizunguka, akaikumbatia shingoni kama ndama. "Baba, wewe ni fundi wa dunia!"

"Usiipande kwanza," alisema. "Breki haijakaa."

Kesho yake breki ilikuwa imekaa, ila mnyororo ulikuwa haujakaa. Siku iliyofuata alisema tairi la nyuma linamtia shaka. Binti akaanza kumtazama kwa jicho la upande. Ilipofika siku ya nne, na sababu zimekwisha, wakiwa wanakula chakula cha mchana, Shangazi naye amekuja kuona mali yake, Fundi Geti aliweka kijiko chini.

"Hiyo fremu imepasuka," alisema. "Niliibana kwenye jiliwa. Niliisikia."

Alikuwa amepiga moyo konde tangu alfajiri. Alikuwa amejiandaa kwa makelele, kwa machozi ya mwanawe, hata kwa kutukanwa na dada yake mbele ya mkewe. Kitu ambacho hakujiandaa nacho ni kile alichokipata. Mama Siafu alishusha pumzi akaendelea kupakua.

"Baba Siafu," alisema, "umeanza tena."

"Nimeanza nini?"

"Si ulisema dukani tutaiona imepasuka? Basi ndiyo hiyo."

"Nimeipasua mimi! Kwa mkono wangu!"

"Iko wapi?" Shangazi aliuliza. "Huo ufa. Nionyeshe."

Alitoka akaileta baiskeli mpaka kwenye meza. Aliwaonyesha pale. Wote watatu waliinama, wakatazama sehemu safi, nyeusi, inayong'aa kama kiatu cha askari. Shangazi alivaa miwani. Akaivua.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake haikuwa hata ya hasira, "mimi na wewe tumenyonya titi moja. Unakumbuka friji?"

Alikumbuka. Nani angesahau? Miaka saba nyuma Shangazi aliwanunulia friji, likaletwa na mkokoteni mpaka mlangoni, mtaa mzima ukiona. Siku ile Fundi alikuwa amekaa wiki nzima bila kazi. Aliona jinsi watu wanavyomtazama, akainama nyuma ya friji, akanusa, akasema linavuja gesi, litaua watoto, lirudishwe. Shangazi alilirudisha, kwake. Mpaka leo linagandisha maji, na Mama Siafu hununua barafu kwa mfuko wa nailoni.

"Friji lilivuja, sasa fremu imepasuka," Shangazi alisema. "Kila ninachowapa kina ugonjwa. Ni vitu vyangu au ni moyo wako?"

"Dada, hii ni kweli."

"Na ile?"

Angeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa fupi tu. Lakini mkewe alikuwa amesimama na upawa mkononi akimtazama, miaka saba ya barafu ya kununua ikiwa machoni pake, na neno halikutoka.

"Njia ya mwongo ni fupi," Shangazi alisema, akavuta sahani yake.


Siafu ndiye aliyeshauri wampelekee mwenye duka. Alikwenda na baba yake, wawili tu, wakiikokota baiskeli katikati yao. Mwenye duka aliifuta fremu kwa kitambaa laini, akaiinamia na tochi, akagonga kwa sarafu hapa na pale huku redio yake ikiimba.

"Zima redio," Fundi alisema.

"Mzee, sikio langu limezoea." Akagonga tena. "Haina hata mkwaruzo. Kwa nje ni nzima. Ya ndani, labda upeleke hospitali ikapigwe picha." Alicheka. Kisha akamgeukia binti kwa upole. "Mzee anaipenda sana alumini, eh? Mwambie bado ipo. Lakini siwezi kubadilishana na iliyokwisha kufungwa."

Njiani kurudi, kwenye kona ya kinyozi, Siafu aliisimamisha baiskeli.

"Baba, niambie ukweli. Hutaki Shangazi anisaidie?"

"Nataka."

"Basi hutaki niende kwenye timu? Nikiondoka nyumbani?"

"Siafu, ukishuka Mteremko wa Mawe na hiki kitu kikakatika, utaanguka kwa uso."

"Lakini hakuna anayeuona huo ufa isipokuwa wewe."

"Mimi sikuuona. Niliusikia."

Aliposema hivyo alisikia mwenyewe jinsi lilivyo neno la mtu asiye na hoja. Binti alimshika mkono, kwa huruma, kama anavyoshikwa mzee wa kuvushwa barabara, na huruma hiyo ilimuuma kuliko kicheko cha dukani.


Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, Siafu alitoka kwenda kuujaribu mteremko. Alimkuta baba yake kileleni amekwisha kufika, amevaa ovaroli la kazi, anahema.

"Nipe," alisema. "Naipanda mimi kwanza. Mimi ni mzito mara mbili yako. Kama ni nzima, itanishusha."

Waendesha baiskeli wengine walikuwepo, na kocha wa klabu, na akina mama waliokuwa wakiteka maji bondeni. Wote waliona mtu mzima mwenye kitambi akikunja miguu kwenye kiti kisicho chake, magoti yakipanuka kama ya chura. Mtu mmoja alipiga mluzi. Fundi Geti hakuwa akifikiri kuhusu mluzi. Alikuwa akifikiri: nikianguka, wataamini. Akaachia breki.

Ilimshusha. Mawe yalimrusha, meno yakagongana, kofia ikaenda zake, mara mbili alijiona amekwisha, na mara zote mbili ile fremu ilimbeba ikaendelea. Alijaribu hata kuikalia kwa nguvu kwenye yale mawe makubwa ya chini. Ikayameza, kama alivyosema mwenye duka. Alifika bondeni mzima, akasimama kati ya ndoo za akina mama, na watu wakampigia makofi.

Siafu alishuka mbio kwa miguu akamrukia. Alikuwa akilia na kucheka. "Baba! Umenitoa wasiwasi wote! Nilikuwa nimeanza kuogopa, wallahi. Sasa kesho nitaiachia mpaka mwisho."

Fundi Geti alimtazama. Alikuwa amekwenda kumwonyesha kifo, na amemwonyesha usalama. Kama mtoto alibaki na chembe ya hofu ya kumfanya ashike breki, yeye ameimaliza.

"Ngoja nikuoshee," alisema. "Imejaa vumbi."

Aliikokota mpaka bandani. Aliifungua magurudumu, pedeli, usukani, akavifunga vyote kwenye ile fremu kuukuu ya alumini, bila haraka, kila skrubu mahali pake. Kisha aliiweka fremu nyeusi juu ya meza, akawasha grenda ya kukatia chuma.

Mlio wake uliwatoa wote ndani. Mama Siafu alifika wa kwanza, Siafu nyuma yake na kitambaa cha kuoshea mkononi. Walikuta bomba la juu limekwisha kukatwa, na vumbi jeusi limemjaa mikononi na shingoni, vumbi ambalo lingemwasha siku nyingi. Alizima mashine.

"Tazameni ndani," alisema. "Njooni mtazame."

Hakuna aliyetazama. Mama Siafu alishika kichwa. Siafu alisimama, akaiangalia fremu, akamwangalia baba yake, kisha akageuka akaingia ndani. Mlango wake haukubamizwa. Ulifungwa taratibu sana.

Shangazi alikuja jioni ile ile. Alisimama mlangoni mwa banda, hakuingia.

"Nilidhani ni kiburi," alisema. "Kumbe ni kijicho. Kwa mtoto wako wa kumzaa."

Fundi Geti aliendelea kufagia.


Siafu alimaliza wa tano. Walichukuliwa wanne. Jumatatu alfajiri alikuwa barabarani na mikate yake, juu ya alumini, mgongo ukimuuma. Nyumbani alisema kila kilicholazimu kusemwa. "Baba, chakula tayari." "Baba, kuna mteja." Mengine hayakuwepo. Mama Siafu alihamia kulala chumba cha binti, akisema ni joto.

Vipande vya fremu vilitupwa kwenye lundo la vyuma. Wanunuzi wa chakavu walipita, wakachukua mabaki ya mageti na ya madirisha, wakaviinua vile vyeusi, wakavirudisha chini. Havikuwa na kilo.

Ndiyo maana vilikuwa bado vipo siku Siafu alipoingia bandani kutafuta spana, baba yake akiwa ametoka kupima dirisha la mtu. Spana ilikuwa imeangukia nyuma ya lundo. Alipoinama, mdomo wa lile bomba lililokatwa ulikuwa mbele ya pua yake, na mwanga wa mlango ukiingia ndani. Kuta za bomba zilipaswa kuwa kitu kimoja. Upande wa juu zilikuwa zimeachana, tabaka kwa tabaka, kama kitabu kilicholowa maji kikakauka. Aliweka kidole gumba juu ya ile rangi nzima inayong'aa, akabonyeza.

Kidole kiliingia.

Alikaa kwenye kreti la soda, kipande kikiwa mapajani. Alilia, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Kisha alikifunga kwenye begi la mikate akaenda nacho mpaka kwa Shangazi, akakiweka mezani, karibu na miwani yake.

"Bonyeza hapo, Shangazi."

"Sitaki kukiona hicho kitu."

"Bonyeza."

Shangazi alibonyeza. Alikuwa amebonyeza matumbo ya watu maisha yake yote, alijua kilicho kizima na kisicho kizima chini ya ngozi nzuri. Aliuacha mkono wake pale. Kisha alibonyeza tena, pembeni kidogo, ambako palikuwa pagumu, na akarudi pale palipo laini.

"Alikipanda hiki mwenyewe?" aliuliza. "Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Shangazi hakuwa mtu wa kusema samahani, na kwa umri ule hangejifunza. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaifuta tena. Nyuma yake friji lilinguruma likanyamaza.

"Mwambie baba yako," alisema mwishowe, "aje anitazamie friji. Naona kama linavuja."

Fundi Geti alikuja siku ile ile, na mfuko wa vifaa begani, Siafu na mama yake wakimfuata nyuma bila kuitwa. Hakuna aliyemwambia akae. Alilivuta friji kutoka ukutani, akapiga magoti nyuma yake kama alivyoinama miaka saba iliyopita, akapitisha kidole kwenye bomba zima, kuanzia juu mpaka chini. Alichukua muda mrefu. Alipotoka, alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele, na hakumtazama dada yake. Alimtazama mkewe.

"Halivuji," alisema. "Halijawahi kuvuja."